Kipokezi

Daktari Shobha husema Kiingereza chenye Kerala ndani yake,
muuguzi hukigeuza Kiarabu cha Ibra,
na mimi, mfamasia wa dirisha la tatu,
huitwa nije kumalizia kwa Kiswahili,
maana shangazi Zeyana akiogopa
Kiarabu chote humtoka.

"Mwambie moyo wake umepoteza mwendo."
Nikamwambia. Akanitazama.
"Mwendo unao. Adabu ndiyo hauna.
Unakimbia kama kuku aliyeona kisu."

Kwenye karatasi ya waridi mistari ilipanda na kushuka
bila miadi,
kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyokosea:
mara tatu, kimya,
mara moja, kimya,
mara tano.

Vidonge vya kwanza nilivijua, nikamweleza.
Juu ya kila seli ya moyo wako kuna vipokezi,
vimekaa vinaingojea adrenalini.
Ikifika, ikiketi,
kule ndani kuna protini tatu zilizoshikana mikono;
moja huachia, hukimbia na habari,
na habari huzaa habari, kumi, elfu,
hata milango ya kalisi ifunguke
na moyo upige kama uliofumaniwa.

"Basi dawa inamfukuza huyo adrenalini?"
Haimfukuzi, shangazi. Inawahi kiti chake.
Haisemi neno, haipeleki habari.
Imekaa tu.
Akacheka mpaka mashine ya kando ikalia:
"Kama mawifi zangu harusi ya Salha!
Mstari wa mbele wote wao,
na kigelegele hakuna."

Haikutosha.
Mwezi wa pili akaandikiwa amiodaroni,
dawa yenye iodini mwilini mwake, dawa isiyochagua.
Vipokezi vilevile inavigusa, ila kiti haikikalii,
inakipinda mguu.
Sodiamu inaichelewesha, kalisi inaipunguza,
na zaidi ya yote inaziba mifereji ya potasiamu
ili seli ikishapiga ikawie kuwa tayari,
isidanganywe na kila cheche ipitayo.

Mfereji. Hilo halikutaka tafsiri.
Shamba la marehemu mumewe linanyweshwa na falaji,
na kila mtu mtaani anajua maji ya nusu saa hii ni ya nani,
na nani alinuniana na nani miaka minne
kwa jiwe lililochelewa kuondolewa.
"Kwa hiyo mtu ameweka jiwe," akasema.
Ameweka jiwe.
"Na wakili wa zamu ni nani?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Moyo ukatulia. Ngozi ikalipa.
Jumatano moja ya Juni, soko la wanawake,
alikwenda kutafuta uzi wa dhahabu, akakaa juani kubishania bei,
akarudi na mashavu yanawaka.
Baada ya miezi yakawa kijivu chenye samawati,
rangi ya mlango ambao kila mwaka wanasema wataupaka.
Kisha tezi ya koo. Daktari Shobha akavua miwani,
akasema aache.

Akaacha.
Wiki ya sita damu ikapimwa: dawa imo.
Wiki ya kumi: imo.
Nikamweleza inajilaza kwenye mafuta,
inatoka tone kwa tone, pasipo haraka,
kama mpangaji aliyekwishaagwa
na bado anaulizia chai.

Shangazi alikuwa anamenya chungwa,
ganda moja refu, bila kulikata.
"Unguja nimeiacha nina miaka kumi na moja," akasema.
"Nipimie na hiyo."

Nikaushika mkono wake kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.
Ulinuka chungwa. Nikahesabu:
sitini na sita, sitini na saba, sitini na nane,
kisha pigo moja likapotea,
nikalingoja.